Banda Lisilo na Kufuli

Naomi mwanangu,

Umekwenda Nakwa kumuaga shangazi yako, na huku jikoni umeniachia boksi la sabuni lenye matundu manne uliyotoboa kwa kalamu. Matundu manne! Sungura wawili, simbilisi wawili, safari yote ya kutoka Babati mpaka Kibaya, na wewe, nesi mzima mwenye cheti, ukaona kalamu inatosha. Tangu utoke naliangalia hilo boksi, nalo linaniangalia. Nimeamua kuchukua karatasi, maana ukirudi tutaanza tena kupigizana kelele, na kesho alfajiri unapanda basi. Sitaki tuagane tumenuniana.

Sikuandikii habari za sweta wala za kuchemsha maji. Wewe unawaambia watu wazima wafungue midomo na wanafungua, mimi nitakuambia nini cha afya? Nakuandikia habari za banda tu. Najua unacheka. Haya, cheka, lakini soma.

Jumapili mezani ulisema neno. Ulisema, "Nawachukua wote, mama. Nikiwaacha hapa utawafungia." Kisha ukaendelea na ugali wako kama mtu aliyeomba chumvi. Baba yako, ambaye akirudi safari hasikii chochote mpaka sahani iwe nyeupe, aliinua kichwa. Na mimi nikajibu nini? Nikasema, "Leo vyombo unaosha wewe." Jamani! Mama mtu mzima, nimetukanwa mbele ya mume wangu, na jibu langu ni vyombo.

Ndiyo, nilinunua kufuli jipya, lile uliloliona juu ya kabati. Kuku wa Mama Bahati wameibiwa banda zima, wezi wamemwachia manyoya, nami nikaenda dukani siku hiyohiyo. Sikulificha. Ila sikukuambia pia, na naona kwako hayo ni mamoja.

Sasa nisikilize. Unakwenda kuwachagulia wanyama nyumba kwa mara ya kwanza bila mimi kusimama nyuma yako nikigomba. Mimi nimewachagulia nyingi, na karibu zote nilizikosea. Ukinisikiliza, angalau utakosea vitu vipya.

Hukumbuki tulivyofika hapa. Mkoa ulikuwa mpya, vibao vya ofisi bado vinanuka rangi. Baba yako alihamishiwa huku kuendesha gari la ofisi, mimi nikafunga virago Moshi nikakubeba mgongoni. Kila mtu anatafuta chumba, maofisa, walimu, wafanyabiashara, na wenye nyumba wakajiona wafalme. Huyo wetu alikataza redio usiku, akakataza kuanika nguo mbele ya nyumba, akakataza mnyama wa aina yoyote. Tulikaa miaka chumba kimoja, katikati pazia, upande huu wewe na upande ule sisi. Baba yako, akiyajua yote hayo, akaenda safari ya Karatu akarudi na sungura wawili ndani ya ndoo, amewafunika kanga yangu.

"Nimemletea mtoto," anasema, meno yote nje.

"Watakaa wapi?"

"Si wadogo tu hawa?"

Si wadogo! Nimeolewa na mtu mwema, lakini siku ile nilitamani kumvika ile ndoo. Tuliwapima wanyama siku waliyoingia ndani ya ndoo, hatukuwapima siku watakayokuwa wakubwa. Baada ya muda si mrefu kila mmoja alikuwa na urefu wa mkono wangu. Walitafuna mguu wa kitanda, wakatafuna pazia, na mkojo wao ukachoma macho mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimemficha mgonjwa humo ndani. Nikamjibu ndiyo. Ikabidi ukohoe kila akipita. Ulikuwa mtoto mdogo, na ulikohoa vizuri sana.

Kwa hiyo ukiniambia, "Watakaa kwenye boksi mpaka nipate fundi," damu inanipanda. Hilo "mpaka" nalijua. Nimekaa nalo chumba kimoja.

Tulipopata kiwanja hapa Nangara na kuinua vyumba viwili, nilisema sasa wanyama nao watapata nyumba ya maana. Uelewe mimi nimekulia nyumba za kupanga, milango imepangana ukumbini, kila mtu na kufuli lake. Kwangu nyumba ni mlango na ufunguo. Mengine yote nilidhani ni mapambo. Nikanunua mabanzi, nikachukua bati lililobaki kwenye paa letu, nikapiga misumari mwenyewe, banda likasimama kwenye ukuta wa upande wa machweo. Nikalizunguka nikijisifu. Jua la mchana likageuka na kulipiga lile bati, na sungura mmoja nikamkuta amelala ubavu, anahema, masikio ya moto ukiyashika.

Bibi yako, mama yake baba yako, ndiyo kwanza ametoka Mbulu. Alikuja kututazama akakaa moja kwa moja. Akalikagua banda, mikono mgongoni.

"Mama Naomi, wewe ungelala humo mchana?"

"Mimi si sungura, mama."

"Ndiyo maana wewe hulali humo."

Akaondoka zake. Loo! Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilihamisha banda chini ya mlonge, nikatandaza majani makavu juu ya bati, na wala sikumwambia kwamba ni kwa sababu yake. Hiyo picha ya chumba chako uliyonionyesha kwenye simu nimeiangalia, Naomi. Hakina dari, na dirisha ni moja, linatazama machweo. Wewe unaweza kutoka nje ukakaa barazani. Aliyefungiwa hatoki.

Halafu kuna yule mtu wa sokoni aliyeniambia sakafu iwe ya wavu, uchafu udondoke chini wenyewe. Nikafurahi, maana nani anapenda kufagia? Likawa banda safi kuliko yote Nangara. Wewe ndiye uliyemgeuza sungura miguu juu ukanionyesha nyayo zimechubuka, zina vidonda. Nilikuwa nimelijengea fagio langu, si sungura. Nikang'oa wavu wote, nikarudisha mbao na majani, nikaanza kufagia kila asubuhi huku nalalamika, na nimelalamika mpaka leo. Lakini nimefagia.

Simbilisi ulikuja nao wewe, kutoka kwa rafiki yako wa shule ya Jumapili, umewaficha ndani ya sweta wakati wa ibada. Mchungaji akadhani unaumwa tumbo, akakuombea. Nikasema wawekwe humohumo na sungura. Wote wanakula majani, wote wana meno ya mbele, wataishi kama ndugu. Haikupita wiki sungura karusha teke moja tu, simbilisi mmoja mguu ukavunjika. Sungura hakuwa na ubaya. Ndivyo anavyocheza, na akimchezea mwenzake hakuna anayeumia. Uliufunga ule mguu kwa njiti ya kiberiti na uzi wa cherehani yangu, ulimi umeutoa nje kwa umakini, na ukamkatalia kila mtu kumgusa. Mgonjwa wako wa kwanza yule. Alichechemea maisha yake yote, na alikula kuliko wazima. Tangu hapo wanaishi mbalimbali, wewe unajua, sasa inakuwaje wiki hii unataka kuwashindilia wote ndani ya boksi moja la sabuni? Hivi nyie watoto mkipata kazi mnasahau mliyotufundisha?

Bibi akawachukua simbilisi akawaingiza jikoni. Hakuniomba. Nikitoka sokoni nakuta mavi chini ya meza ya vyombo, namwambia, mama, hapa ni mahali pa chakula. Ananijibu kwamba kwao Mbulu, alipokuwa msichana, ng'ombe na mbuzi walilala ndani ya nyumba. "Ndama pale, mimi hapa, na asubuhi wote tunaamka." Na akinyoosha mkono kuonyesha "pale," unaiona kabisa ile nyumba. Mimi nilikuwa namwona mshamba. Nilisema maneno hayo kwa baba yako, kwa sauti, nikijua Bibi anasikia. Bibi akaendelea kuwamenyea simbilisi mabua ya mahindi.

Basi tufike kwenye kufuli. Najua unaruka mistari kulitafuta.

Jirani alikuwa na mzaha wa kupita akiuliza sungura wataiva lini. Mzaha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu nikaona huyu ana sufuria kweli. Nikalitia banda komeo la chuma, na kufuli. Ufunguo nikauweka kwenye mkoba wangu, kwenye kibanda changu cha ushonaji sokoni, maana nyumbani wewe ungeupoteza. Ulikuwa darasa la tano. Kila asubuhi nilifungua, nikawapa majani na maji, nikafunga. Ilikuwa masika, ardhi imelowa.

Siafu walikuja mchana. Bibi alisikia simbilisi wanapiga mluzi jikoni, akaona sakafu inatembea, akafungua mlango wa uani na mlango wa mbele, simbilisi wakatimua mbio wenyewe mpaka kwa Mama Bahati. Wewe ukaingia kutoka shule. Ukakimbilia banda. Mengine niliambiwa na Bibi, kwamba uling'ang'ania wavu wa mlango kwa mikono yako, siafu wanakupanda, yeye anakuvuta, wewe unarudi. Ulipoona haufunguki ukakimbia. Nangara mpaka sokoni, kwa miguu, na sare ya shule.

Nilikuwa napima mkono wa gauni la mteja. Nikainua macho, nikakuona umesimama mlangoni, mikono imevimba, siafu bado wananing'inia kwenye soksi. Hukulia. Ulinyoosha mkono tu, ukasema, "Mama, ufunguo."

Tulipanda bodaboda wote wawili. Tulichokikuta tulikiona pamoja, sina haja ya kukiandika.

Unajua kilichoniudhi miaka yote hii? Hukunilaumu. Hata siku moja! Ungenipigia kelele ningekupigia na mimi, tungemaliza, tungekula. Wewe ukachukua blanketi lako ukaenda kulala chumbani kwa Bibi, na simbilisi wake miguuni penu. Nami nikasimama mlangoni nikiwasikiliza mnavyokoroma watu na wanyama, na sikuwa na la kusema kuhusu usafi. Bibi naye hakusema, "Nilikuambia." Angesema! Alinikaribisha chai.

Umengoja mpaka Jumapili hii, umepata kazi, mizigo umefunga, ndiyo ukasema, "Utawafungia."

Sawa. Ulikuwa na haki ya kusema. Lakini na mimi nitendee haki kidogo. Yale makopo ya oili chafu chini ya miguu ya banda, siafu wasipande, nani anayajaza kila masika? Nani anaomba oili gereji na kurudi ananuka kama trekta? Nani alitoa komeo la chuma akaweka la mti? Mwanamke huyuhuyu unayemkata jicho. Miaka yote hii banda halijafungwa kwa kufuli, mpaka kuku wa Mama Bahati walipoibiwa na mimi nikapatwa na woga wangu wa zamani. Woga hauna adabu, Naomi. Unaweza kukaa umetulia miaka, halafu siku moja unakupeleka dukani.

Na ngoja niseme lingine, maana nikianza kuogopa hata karatasi nitakuwa nimekwisha. Wiki nzima nakuambia waache wote hapa, safari ni ndefu, Kibaya kuna joto, chumba ni kimoja. Yote ni kweli. Lakini nilivyokuwa nasema hayo, moyoni nilikuwa nahesabu kitu kingine. Nilijua wakibaki utarudi. Utapata likizo ndogo, utasema acha nikawaone sungura wangu, kina Kaptula, na utapanda gari. Kwa mama yako peke yake sina hakika kama ungepanda. Ndiyo hivyo. Nimeona aibu nikiandika, lakini nimeandika.

Haya. Hivi ndivyo tutakavyofanya, na usinibishie, kwa sababu hii utaisoma kesho alfajiri ukiwa mlangoni, na basi halingoji.

Kaptula na Shangazi, sungura hawa wa sasa, wanabaki. Sungura wanataka kuchimba, kuruka, na kivuli cha mti, na wewe una chumba na zamu za usiku. Hapa mlonge upo, uwanja upo, na mimi nipo. Kufuli jipya nimelitia stoo kwenye majembe. Mwizi akija, sungura watakimbia au watachukuliwa na mtu, na mtu nitamtafuta mtaa kwa mtaa mpaka anirudishie au anikimbie. Wakija siafu sitakuwa na wa kumtafuta.

Simbilisi wako, Filimbi na Kibibi, unakwenda nao. Wote wawili, usimwachie rafiki yako hata mmoja. Simbilisi akikaa peke yake anajikunja pembeni na kuacha kula, nimeliona hilo wakati wa bibi zao. Wao si wa kupanda, wala si wa kuruka. Wanataka sakafu pana kuliko urefu wa kwenda juu, majani mabichi kila siku, na mahali pawili pa kujificha, kwa sababu pakiwa mahali pamoja tu watapagombania. Waweke ukuta wa upande usiopigwa na jua. Ukiona wamelala wamejinyoosha, mahali ni pazuri. Ukiona wamejibana kona, hamisha, hata kama umechoka, hata kama ni wewe mwenyewe ulipachagua.

Hawa wawili nimewagombeza kuliko mtu yeyote humu ndani. Kelele! Unafungua geti tu, hujakanyaga hata baraza, wanaanza mluzi, na wewe unawajibu, nyumba nzima haisikilizani. Mimi nikiingia, kimya. Walishanijua, huyu ni yule wa fagio. Sasa juzi nilitoka sokoni mapema, wewe uko mjini na mizigo yako. Nikafungua geti, wakapiga mluzi. Nikageuka nyuma nikidhani umefika. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wananiita mimi. Sikukuambia, maana nilitaka wabaki na sikutaka uone nimewataka hivyo.

Sasa nataka wakupigie wewe huko. Utatoka zamu usiku, umeona wagonjwa, hujui mtu hata mmoja kwenye hiyo nyumba ya kupanga, na utakapotia mkono mlangoni kuna watu wawili watafurahi kwa sauti. Hilo siwezi kukufungia kwenye mizigo kwa njia nyingine yoyote. Mimi nitabaki na sungura, ambao hawasemi. Bibi hayupo tena, na baba yako akiwa safari tutanyamaza watatu, mimi na wao. Tutazoea.

Boksi lako la sabuni nimewashia moto, samahani, na chai nimechemshia hapohapo. Nyumba yao iko nyuma ya mlango wa jiko, nimeifunika kitenge usiione kabla ya kesho. Nimeikata na kuipiga misumari leo kutwa, ndiyo maana sikufungua kibanda sokoni, na ndiyo maana shangazi yako alikubembeleza ukae Nakwa mpaka jioni. Nilimtuma. Mbao zake ni za banda la kwanza, zile zilizopona. Sakafu ni ya mbao, matundu ya hewa nimeyatoboa kwa keekee, na yako pande zote, kwa sababu mimi situmii kalamu. Upana wake unaingia mapajani, kwa hiyo usikubali kondakta aiweke kwenye buti. Akibisha, mwambie ni dawa za zahanati. Umenisikia nikisema uongo mara moja kwa mwenye nyumba, hii ya pili ni ya kwako.

Mlango wake haufungwi kwa kufuli wala komeo. Nimeukazia kipande cha mpira wa tyubu, kinavutwa na kunaswa kwenye msumari mmoja. Nimekaa sakafuni nikakijaribu mara nyingi, kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, macho wazi, macho nimefumba. Kisha nikamwita mtoto wa Mama Bahati, yule wa darasa la tano, nikamwambia afungue. Hakuniuliza ufunguo uko wapi. Alivuta tu, mlango ukafunguka.

Mama yako